OpenFOAM kwa kelele za rafadha ya meli: uzoefu wangu

Nyota 4 kati ya 5. OpenFOAM ni programu ya bure ya kukokotoa mtiririko wa maji na hewa. Kama unataka kupiga hesabu za rafadha ya meli bila kununua leseni, ichukue. Majibu yake ya msukumo nayaamini. Ya kelele nayaamini nusu, na nitaeleza kwa nini.

Niko Nairobi, lakini kazi hii ni ya baharini. Nyangumi wa nundu hupita pwani yetu, upande wa Watamu, kuanzia Julai hivi, na sauti zao nzito humezwa na kelele za meli. Meli ikienda kasi, kelele kubwa hutoka kwenye viputo vya rafadha. Viputo hivyo ni vya mvuke. Maji ya chai hapa Nairobi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu presha ya hewa ni ndogo kuliko Mombasa. Mgongoni mwa panga la rafadha presha hushuka zaidi sana, hadi maji yanachemka yakiwa baridi vilevile. Kiputo kikifika penye presha kubwa hujifinya ghafla, na hapo ndipo kishindo. Wataalamu huiita hali hii kavitesheni.

Nilianzia kwenye mfano wa rafadha unaokuja na programu, ndani ya folda ya interPhaseChangeDyMFoam (solva, yaani sehemu ya kupigia hesabu, ya maji yanayogeuka mvuke), kisha nikahamia VP1304, rafadha ya majaribio ya Potsdam, Ujerumani: mapanga 5, kipenyo milimita 250. Umbo lake na vipimo vya maabara viko wazi kwa yeyote, kwa hiyo una pa kulinganishia. Msukumo na torki (nguvu ya kuzungusha) vilikaribiana vizuri na vipimo hivyo. Kazi ngumu iko kwenye uzi wa mvuke unaojisokota kutoka kwenye ncha ya panga. Meshi, yaani vyumba vidogo vinavyogawa maji kwa ajili ya hesabu, ikiwa pana, uzi hukatika palepale karibu na ncha. Ukiifanya ndogondogo eneo hilo tu, uzi hurefuka ukauona ukizunguka nyuma ya rafadha ndani ya ParaView, programu ya kuonyesha majibu kwa picha. Inapendeza kweli, ila hesabu inakuwa ndefu mno.

Kwa sauti nilitumia libAcoustics, nyongeza ya OpenFOAM, na mlinganyo wa Ffowcs Williams na Hawkings wa 1969, unaokokotoa sauti ya mbali kutokana na presha ya karibu. Rafadha hiyo ikizunguka mara 25 kwa sekunde, kilele cha kwanza cha sauti kinatakiwa kiwe hezi 125 (25 mara mapanga 5), na kilitokea wazi. Uso wa kufikirika unaouchora kukusanyia sauti uzingire viputo vyote. Ukichukua presha ya mapanga peke yake, mchango wa viputo unapotea. Masafa ya juu siyaweki kwenye ripoti yoyote. Solva hii inachukulia kuwa maji hayabanwi, kwa hiyo kishindo chenyewe cha kiputo kujifinya hakimo.

Kwa sisi ambao umeme hukatika: kwenye faili la mipangilio, controlDict, weka startFrom latestTime (anza pale ulipohifadhi mwisho) na writeInterval (muda kati ya kuhifadhi) fupi, hesabu itaendelea ilipoishia kuhifadhi. Weka purgeWrite pia, inayofuta matokeo ya zamani, la sivyo diski itajaa usiku huohuo.