Mapitio ya mahakama: nimeyatumia, natoa nyota nne

Barua iliyonifungia kituo cha kulelea watoto ilikuwa na mistari mitatu na muhuri. Leseni imefutwa, kuanzia leo. Sababu haikuandikwa. Hakuna aliyekuja kukagua wala aliyeniita kuniuliza, na nilipoisoma watoto 26 walikuwa wamelala usingizi wa mchana chumba cha pili.

Nilienda kwa wakili nikiamini jaji atanirudishia leseni. Akanielewesha mapema, na wewe lielewe kabla hujatoa hata senti: mapitio, yaani kumwomba jaji auchunguze uamuzi wa ofisi ya umma, si rufaa. Jaji hapimi kama kituo chako ni kizuri. Anachotazama ni kama walioamua walikuwa na mamlaka hayo kisheria, kama walifuata utaratibu, na kama uamuzi wao unaingia akilini. Akikuta kasoro anaweza kuutengua, kuwazuia wasiendelee, au kuwalazimisha watimize wajibu wao. Kuamua upya kunabaki mikononi mwao.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya gharama na ya mlango wenyewe. Unaomba kibali kwanza, ndipo shauri lisikilizwe, na muda ni mfupi. Uingereza, kwa mfano, kwa kawaida mwisho ni miezi 3. Mtu aliyefungiwa riziki wiki za mwanzo anazimaliza kwa kulia na kutafuta hela! Tena utaulizwa kama ulilalamika kwanza kwa ofisi husika. Mimi niliokolewa na nakala ya barua yangu ya malalamiko, iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Tunzeni nakala, ndugu zangu.

Siku ya kusikilizwa, jaji aliisoma ile barua kwa sauti, yote. Haikuchukua hata nusu dakika. Akamgeukia wakili wa upande wa pili: "Mlimwita lini mkamsikiliza?" Yule wakili akapekua faili mpaka mwisho, akarudi mwanzo, akapekua tena. "Mheshimiwa Jaji, humu sioni tulipomwita." Chumba kizima kilikuwa kimya, nami kwa mara ya kwanza tangu siku ile nikavuta pumzi ikashuka.

Wakili wangu aliegemea kesi ya Ridge dhidi ya Baldwin. Ridge alikuwa mkuu wa polisi wa Brighton, akafukuzwa kazi mwaka 1958 bila kwanza kupewa nafasi ya kujitetea. Mwaka 1963 mahakama ya mwisho ya Uingereza ikasema kufukuzwa kule ni batili. Mkuu wa polisi na mlezi wa watoto, haki ni ileile.

Na swali lilelile, kama aliyeamua alikuwa na mamlaka kisheria, hupanda mpaka juu. Septemba 24, 2019, majaji 11 wa Mahakama ya Juu ya Uingereza walisema kwa kauli moja kwamba ushauri wa waziri mkuu Boris Johnson wa kusimamisha Bunge wiki 5 haukuwa halali. Kesho yake wabunge walirudi kazini. Marekani walikwenda mbali zaidi tangu 1803, katika kesi ya Marbury dhidi ya Madison: hata sheria iliyotungwa na Bunge, ikipingana na Katiba, haisimami. Uingereza mahakama haina nguvu hiyo juu ya sheria za Bunge.

Kuna wanaohoji kwa nini jaji asiyepigiwa kura amrudishe nyuma kiongozi aliyechaguliwa. Hoja hiyo naiheshimu. Ndiyo maana nimeridhika kwamba jaji wangu hakujifanya afisa wa leseni.

Uamuzi ulitenguliwa. Wiki tatu baadaye niliitwa, nikawakuta watu wanne na faili langu mezani. Kumbe shida ilikuwa jikoni: hapakuwa na mlango wa kutokea moto ukizuka. Walikuwa na haki kulitaka hilo. Nilitoboa ukuta, nikaweka mlango, wakaja kuufungua na kuufunga kwa mikono yao, na leseni ikatoka.