Bahasha nne na kadi moja: uzoefu wangu wa miezi minane

Nianze na taarifa ya benki ya mwezi mmoja kabla ya bahasha, maana ndiyo iliyonitoa jasho. Nilikuwa nimelala mchana baada ya zamu ya usiku, nikaamka na kufungua programu ya benki kwenye simu, nikitafuta kitu kingine kabisa. Nikaona pauni 2.95. Chini yake 3.40. Chini yake 1.80, halafu 4.15, halafu 2.95 tena. Kodi ya nyumba, umeme na nauli nikaviweka pembeni, nikajumlisha hivyo vidogovidogo peke yake: pauni 187. Kahawa, maji ya chupa, krispi, sandwichi ya saa kumi na moja alfajiri. Nilipojiuliza nilikula nini hasa, nilikumbuka vitu viwili vitatu tu.

Ninaishi London mashariki, kazi yangu kutunza wazee, na kwa miaka sita nimekuwa mtu wa kadi ya kugusa. Wabongo wa huku tunaita kutap. Unaisogeza kwenye mashine, inalia pii, umeshalipa. Kadi hizi zilipoanza Uingereza mwaka 2007 mwisho ilikuwa pauni 10 kwa mara moja. Oktoba 2021 kikomo kikapanda hadi pauni 100. Pauni 100 kwa pii moja! Na mimi nilikuwa nimeiweka kadi hiyohiyo kwenye simu pia, kwa hiyo hata pochi nilikuwa sifungui.

Wazo la bahasha, yaani kugawa pesa taslimu ya wiki kwenye bahasha, kila moja na kazi yake, alinipa dada mmoja tunayefanya naye kazi. Nikacheka, kwa sababu mama yangu kule Tanga alikuwa na utaratibu huohuo bila bahasha. Yeye alifunga pesa kwenye pindo la kanga: ncha moja fundo la mboga, ncha ya pili fundo la mafuta ya taa na kiberiti. Ukimwomba ya andazi anakuuliza, "Nifungue lipi?" Swali lenyewe lilitosha kukuondoa pale mlangoni. Na ukilifikiria vizuri, hilo ndilo swali ambalo kadi haijawahi kuniuliza. Yenyewe inalia pii tu, iwe dawa ya mtoto au keki.

Basi kila Ijumaa ninapitia Posta. Tawi la benki lililokuwa karibu na kwangu lilishafungwa, lakini kwenye kaunta ya Posta unatoa pesa kwa kadi na namba ya siri bila kukatwa kitu, na uzuri wake unachagua noti. Ninaomba pauni 90, zote za tano na za kumi. Za ishirini sizitaki. Noti ya ishirini ikishachenjiwa imekwisha, hiyo nimeiona kwa macho yangu. Kwenye mashine ya ukutani huwezi kumbembeleza mtu akupe za tano, na zile mashine za ndani ya maduka madogo nyingine zinakukata karibu pauni mbili kwa kutoa pesa yako mwenyewe. Soma kioo kabla hujabonyeza.

Nyumbani ninagawa: sokoni 55, vitafunwa vya kazini 15, mtoto 10, dharura 10. Bahasha ni za kawaida, za barua, nimeandika juu kwa kalamu ya wino mzito. Kuna watu mtandaoni wanauza madaftari ya plastiki yenye mifuko na zipu kwa kazi hii. Kutoa hela ili ujifunze kubana hela, sijui.

Bahasha ya sokoni ndiyo iliyonishangaza. Jumamosi huwa ninakwenda Queen's Market, Upton Park. Pale mboga zinauzwa kwa bakuli: bakuli la nyanya, bakuli la bamia, la pilipili, mengi pauni moja na mengine siku hizi moja na nusu. Siku ya kwanza nilisimama mbele ya mihogo na noti ya kumi mkononi, nikajikuta ninapiga hesabu kama nipo soko la Mgandini kule Tanga: nikichukua mihogo na ndizi, kuku atabaki na ngapi? Nilizunguka mara mbili kabla ya kununua. Kwa kadi nilikuwa ninajaza mkokoteni dukani, hesabu ninaikuta mwishoni, na kurudisha kitu mbele ya foleni ni aibu. Sasa hesabu ninaifanya kabla. Chakula kilichokuwa kinaozea kwenye friji kimepungua sana, na hilo sikulitegemea.

Vitafunwa vya kazini, ile pauni 187, mwezi wa kwanza wa bahasha ilikuwa 61. Sikujinyima kwa ushujaa wowote. Ukiwa na noti ya tano na sarafu tatu za kukupeleka mpaka Ijumaa, unakumbuka kufunga chapati na chai ya chupa kabla ya kutoka.

Sasa matatizo, maana yapo. La kwanza, kuna migahawa imebandika karatasi mlangoni: kadi tu. Niliwahi kupanga foleni dakika kumi nikaambiwa hivyo kaunta, na pesa mkononi ninayo. La pili, pesa taslimu ikipotea imepotea. Mwezi wa tatu nilidondosha noti ya kumi, nadhani wakati ninachomoa glavu kituo cha basi. Kadi ilipowahi kupotea niliifungia kwenye simu nikiwa bado nimesimama palepale. Noti utaifungiaje? Na sipendi kutembea na bahasha saa tano usiku, kwa hiyo ninabeba ya siku moja tu, nyingine zinabaki kabatini.

La tatu ni sarafu. Zinajaa. Nimechukua kopo la maziwa ya unga nikalitoboa mfuniko, likawa kibubu cha mwanangu. Tulipolifungua lilikuwa na pauni 94 na peni kadhaa. Baadhi ya supamaketi zina mashine ya kuhesabu sarafu, unamimina tu, lakini inajikatia zaidi ya asilimia 10. Omba benki vile vifuko vidogo vya plastiki: sarafu za pauni moja unajaza 20, za peni 20 unajaza mpaka zifike pauni 10, za peni moja mpaka pauni moja. Usichanganye, watakurudishia. Ilituchukua jioni nzima sakafuni, na mtoto alijifunza hesabu kuliko wiki nzima ya shule, au ndivyo ninavyojidanganya.

Usafiri nimeuachia kadi, hapo hakuna ubishi. Mabasi ya London yaliacha kupokea pesa taslimu Julai 2014, ukimwonyesha dereva noti atakutazama tu. Halafu kadi inakusaidia kweli: kwa nauli za 2025 ninalipa pauni 1.75, na nikibadilisha basi ndani ya saa moja sikatwi tena. Kwa nauli hizohizo, kwa siku mabasi hayazidi pauni 5.25 hata nikizunguka mji mzima. Ila sharti ni moja, na mimi nililijua kwa kulipia: gusa kitu kilekile. Asubuhi moja nilipanda basi la kwanza kwa simu, simu ikazima, la pili nikagusa kadi yenyewe. Akaunti ni moja, lakini mashine inawaona abiria wawili. Nikalipa mara mbili. Kosa langu mwenyewe. Jingine la kuangalia: nauli ya leo inaweza kuonekana benki kama peni 10 tu mpaka ihesabiwe yote baadaye, kwa hiyo salio unaloliona jioni usiliamini sana.

Pesa ya nyumbani nayo haiendi kwa bahasha. Ninaituma kwa simu kutoka akaunti, mama anaipokea kwenye simu yake, anakwenda kwa wakala, anakatwa ada ya kutoa, anarudi nayo taslimu. Inatoka benki ya London, inavuka bahari bila kuguswa na mtu, inaishia kwenye fundo. Mchezo wetu wa akina mama, ule wa kuchangishana pesa na kupokea kwa zamu, nao umehamia benki. Zamani tulikuwa tunakutana jikoni kwa mmoja wetu, pesa inahesabiwa mezani pamoja na sambusa. Sasa kila mtu anatuma, anaandika "tayari" kwenye kikundi. Sambusa ndiyo imepotea.

Kadi sikuitupa, niliipunguza makali. Nimeitoa kwenye simu. Benki yangu inaruhusu kushusha kikomo cha kugusa, nimekiweka pauni 30, zaidi ya hapo inaniomba namba ya siri, na zile sekunde nne za kubonyeza namba zinanitosha kujiuliza. Mtu aliye na nidhamu anaweza kufanya haya yote ndani ya programu, nyingi zina vifungu vya kutengea pesa. Nilijaribu wiki tatu. Shida ni kwamba kuhamisha kutoka kifungu kimoja kwenda kingine ni kugusa mara mbili tu, na hakuna anayeniona. Bahasha ya mtoto nikiichukulia pauni mbili, mtoto anaiona imepungua na anauliza.

Desemba bado imenishinda, bahasha zote zilikuwa tupu tarehe 19 na kadi ikarudi kazini kwa nguvu zote. Nilimsimulia mama kwenye simu habari nzima, bahasha, majina juu yake, siku ya Ijumaa. Akanyamaza kidogo. "Sasa mwanangu," akasema, "kanga nilizokupa umezifanyia nini?"

Leo ni Alhamisi. Ya sokoni ina pauni nne na sarafu. Kuna maharage.