Tyubu yenye namba: nilivyoshiriki utafiti wa pumu ya ngozi Pemba

Pumu ya ngozi ninayo tangu nasoma chuoni, na sasa nina miaka arobaini na moja. Inanikamata kwenye mikunjo ya viwiko, shingoni chini ya mtandio, na vidoleni, maana mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Wete na chaki siwezi kuikimbia. Kaskazi ikiingia na jasho likaanza kushuka, usiku silali. Nimeambiwa ni choa, nimeambiwa ni damu chafu, nimeuziwa tyubu za kila rangi. Basi niliposikia kuna utafiti unatafuta watu wazima wenye maradhi haya, nikaenda. Waliouendesha siwataji, kwa sababu nina malalamiko mawili na nia yangu yarekebishwe, si kumchafulia mtu jina.

Fomu ya ridhaa ilikuwa kurasa saba. Ilikuwa kwa Kiswahili, lakini Kiswahili kigumu mno. "Upangaji nasibu" nimeusoma mara tatu. Dada muuguzi alipoona nimekunja uso akaniambia, "Mwalimu, ni kama mnavyopiga kura kwenye upatu nani atangulie kupokea. Hapa kura inaamua nani apewe mafuta haya na nani yale." Nikaelewa papo hapo. Kwa nini hayo hayakuandikwa kwenye fomu? Mwenzangu niliyekaa naye benchi hakusoma skuli, na alikuwa tayari kutia dole gumba kabla hajasomewa hata ukurasa wa pili. Nilimzuia. Nikamwambia asubiri asomewe yote, na aulize.

Mimi niliuliza mengi. Je, nikichoka naweza kuacha? Naweza, siku yoyote, bila kutoa sababu, na matibabu yangu ya kawaida hayaguswi. Haki hiyo imo katika Azimio la Helsinki la mwaka 1964, yaani miongozo ya madaktari wa dunia juu ya utafiti kwa binadamu. Niliomba pia nioneshwe barua ya kibali kutoka kamati ya maadili, ile inayokagua utafiti ili washiriki wasidhurike, na nikaoneshwa bila kununiwa. Ukiingia utafiti wowote, iombe barua hiyo. Anayekasirika kuombwa, ondoka kwake.

Mafuta yalikuja kwenye tyubu nyeupe, hayana jina, yana namba tu. Si mimi niliyejua ni yapi, wala daktari aliyenikagua. Dawa yangu ya steroidi ya kutuliza ngozi ikiwaka niliruhusiwa kuendelea nayo, na hilo lilinipa moyo, kwani niliogopa kuachwa nijikune wiki kumi na mbili kwa ajili ya elimu ya watu.

Kila ziara nilijibu maswali saba ya kipimo kiitwacho POEM, kilichotungwa Nottingham, Uingereza. Kinauliza juu ya wiki iliyopita: siku ngapi umewashwa, usingizi umeharibika siku ngapi, ngozi imetoa damu, imetoa maji, imepasuka, imebanduka, imekauka. Jumla ya juu ni 28, na namba ikizidi ndivyo hali ilivyo mbaya. Siku ya kwanza nilipata 21. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu usingizi wangu, na nilipoulizwa machozi yalinitoka pale pale mezani.

Kisha daktari akakagua ngozi yenyewe, na hapa ndipo ninapotaka Wazanzibari wenzangu wanisikilize. Kadi yake ya picha ilionesha miguu ya Wazungu, na alama hutolewa kwa kadiri ngozi ilivyo nyekundu. Yangu ikiwaka haiwi nyekundu. Inakuwa ya zambarau, au kijivu kama jivu la kuni, kisha inaacha weusi unaokaa miezi. Kwa kadi ile ningeandikiwa nafuu nami nimeungua. Alinisogeza dirishani penye mwanga, akapapasa kwa vidole kutafuta joto na unene, ndipo akaandika. Tusipoingia kwenye tafiti hizi, vipimo vitabaki vya ngozi za wengine.

Na mafundisho ya kupaka ndiyo niliyofaidi zaidi. Steroidi hupimwa kwa kidole: unaikamua kutoka ncha ya kidole cha shahada mpaka mkunjo wake wa kwanza, hiyo ni kama nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili. Mafuta ya kulainisha hupakwa mara tu baada ya maji. Nikajipangia kwa swala: natawadha, nakausha kwa kanga kwa kubonyeza bila kusugua, napaka. Mara tano kwa siku, wala sikuhitaji saa ya kunikumbusha.

Mama mkwe aliniuliza, "Na yakiwa hayafai mafuta hayo?" Nilimpelekea daktari swali lake. Akanieleza kwamba Uingereza walijaribu mafuta ya kutia kwenye maji ya kuogea kwa watoto zaidi ya 480 wenye pumu ya ngozi, na matokeo yaliyotoka 2018 yalionesha hayakuongeza faida ya maana. Wazazi wakajua pesa hiyo waiweke kwenye mafuta ya kupaka. Mama mkwe aliridhika kuliko mimi.

Malalamiko sasa. La kwanza ni stara. Chumba cha ukaguzi hakikuwa na pazia, na ziara ya pili niliambiwa nivue mtandio mlango ukiwa wazi na wanaume wamekaa nje. Nilikataa mpaka ulipofungwa. La pili ni matokeo. Tuliahidiwa tutaitwa tuelezwe, na kila mmoja aambiwe tyubu yake ilikuwa na nini. Mpaka leo simu haijalia. Nauli walirudisha kila ziara, hilo sina neno.

Siku ya mwisho nilipata 11. Tyubu nilizirudisha, wakaziweka kwenye mizani kujua nimetumia kiasi gani, na ya kwangu ilikuwa imekamuliwa mpaka shingoni.

Nawapa nne kati ya tano. Mtoto wa dada yangu ana miaka kumi na tisa na yake iko usoni. Ameniuliza aende wakitangaza tena. Nimemwambia aende, na siku ya fomu nitakaa naye kwenye benchi.