Rodamini B haidrazidi: kwa shaba itumike, kwa zebaki subiri kwanza

Unga huu unauzwa na wasambazaji wengi wa vitendanishi, na mara nyingi maelezo yake husema tu kwamba ni "kihisi cha ioni za metali". Hapo ndipo wengi wanapopotea. Kwa shaba, kitendanishi hiki kina sifa nzuri tangu mkemia Czarnik na wenzake walipokionyesha mwaka 1997. Kwa zebaki, kikiwa hivyo kilivyo, usikitegemee.

Pete ya spirolaktamu (pete ya atomi iliyo katikati ya molekuli) ikiwa imefungwa, molekuli haina rangi wala haing'ai. Cu²⁺, yaani ioni ya shaba, ikishika kwenye haidrazidi (sehemu yenye nitrojeni), pete hufunguka, maji hukata kifungo, na kinachobaki ni rodamini B yenyewe: waridi kwa macho, na ukiiangazia kwa nm 530 hutoa mwanga karibu na nm 580. Ubunifu wake uko hapa. Kwa kawaida shaba huzima mwanga wa rangi iliyoishikilia, lakini hapa rangi ikishaachiliwa, shaba haina pa kuizimia. Gharama yake ni kwamba mmenyuko haurudi nyuma, hata ukimwaga EDTA, kemikali inayonasa ioni za metali.

Kununua au kutengeneza? Tengeneza, ni nafuu zaidi. Yeyusha rodamini B g 1.2 katika ethanoli mL 30, kisha dondosha haidrazini haidrati ya 85% mL 3 huku ukikoroga. Fanya hivyo ndani ya kabati la kufyonza mvuke, maana haidrazini ni sumu kali. Chemsha kwa saa 2 kondensa ikiwa wima, mpaka zambarau iliyokolea igeuke chungwa hafifu. Vukiza ethanoli, yeyusha mabaki kwa HCl 1 M (mL 50 hivi), halafu ongeza NaOH 1 M taratibu hadi pH 9–10. Chuja mashapo, yaoshe kwa maji mara tatu, yakaushe. Utapata kama g 0.8.

Uwe umenunua au umetengeneza, jaribu kwanza mmumunyo wa mM 1 katika asetonitraili. Ukiwa na uwaridi, rudia hatua ya asidi na besi. Masalia ya rodamini B ya 0.1% tu, kwenye kihisi cha µM 10, ni nM 10 za rangi inayong'aa kabla hujaweka metali yoyote.

Kupima: µL 20 za mmumunyo huo ndani ya mL 1.98 za bufa ya HEPES, pH 7, kisha sampuli. Soma rangi ikishatulia. Bufa ya fosfeti iache, hunasa metali. Chini ya pH 5 hivi pete hufunguka yenyewe. Maji ya bomba yenye klorini nayo hudanganya, kwa sababu hipokloriti huoksidisha haidrazidi.

Zebaki inataka salfa, ambayo kitendanishi hiki hakina. Kundi la mkemia Tae mwaka 2005 liliweka thiosemikabazidi, sehemu yenye salfa, kwenye rodamini 6G, rangi ya jamii hiyohiyo. Hg²⁺, yaani ioni ya zebaki, hung'oa salfa, pete ya oksadiazoli ikaundwa na mwanga ukawaka. Kiwango cha WHO cha maji ya kunywa ni µg 6 kwa lita, sawa na nM 30, kwa hiyo vyombo vioshwe kwa asidi ya nitriki. Anayetaka kupima tope la wachimbaji wadogo wa dhahabu, tuseme Geita, ajue kwamba zebaki ya mle ni ya metali. Lazima imeng'enywe kwa asidi iwe Hg²⁺, kisha pH irudishwe kwenye 7. Bila hivyo kihisi kitasoma karibu sifuri hata matone ya zebaki yakionekana kwa macho.