Mitambo ya Sauti Iliyowarudishia Washarika Wimbo Wao

Usharika wetu wa Kimara unaabudu katika jengo lenye kuta za matofali na paa la mabati, lenye urefu wa karibu mita 30, na kwa miaka kadhaa tumekuwa tukikodi mitambo ya sauti kila inapofika Sikukuu ya Mavuno au maadhimisho ya kwaya. Mwezi uliopita, kwa ajili ya maadhimisho, tulichukua huduma ya vijana watatu wenye duka Kariakoo, ambao huleta spika, mikisa (mashine ya kuchanganya na kurekebisha sauti), kinanda na fundi wa kuviendesha siku nzima. Ninaandika nikiwa mjumbe wa kamati ya kwaya, na nakiri kwamba nilikuwa karibu kukata tamaa na huduma za aina hii.

Mwaka jana watoa huduma wengine walitufungia spika mbili kubwa mno kando ya madhabahu. Gitaa la besi likatikisa vioo vya madirisha, na kinanda kikawekewa mdundo wa mashine hata kwenye wimbo wa toba. Umeme ulipokatika katikati ya ubeti wa pili, kanisa zima lilikuwa kimya. Washarika walikuwa wameacha kuimba zamani, nasi wanakwaya hatukujua. Liliniuma sana. Kitabu cha kwanza cha nyimbo cha Kilutheri, kilichochapishwa 1524, kilikuwa na nyimbo 8 tu, 4 kati yake zikiwa za Martin Luther mwenyewe, na kusudi lilikuwa watu wa kawaida waimbe ibadani kwa lugha yao. Ndugu zetu Wakatoliki nao, katika hati ya liturujia ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ya 1963, walitaka kwaya zikuzwe, ila waamini wote waweze kushiriki katika sehemu ya uimbaji iliyo yao. Ndiyo maana huduma yoyote ya muziki kanisani ninaipima kwa mtu wa benchi la mwisho: kama haimbi, mitambo imeshindwa kazi, hata ingekuwa ya gharama kiasi gani.

Vijana hawa walifika Jumamosi mchana, wakati wa mazoezi, jambo ambalo wale wa awali hawakulifanya. Fundi wao hakuanza na nyaya. Alimwomba mwalimu wa kwaya aanzishe wimbo bila chombo, akatembea hadi benchi la mwisho karibu na mlango, akaketi kando ya mama mmoja mzee wa zamu ya usafi, akasikiliza beti zote tatu huku amefumba macho. Baada ya hapo alifunga spika 4 ndogo kwenye nguzo, mbili mbele na mbili katikati ya jengo. Alitueleza kwamba sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo inayotoka mbele huchelewa kidogo kuwafikia walio nyuma. Spika za katikati zisipocheleweshwa kwa kiasi hichohicho, mtu husikia neno moja mara mbili, na asiyejua afuate lipi hunyamaza.

Jumapili, katika ubeti wa mwisho wa wimbo wa kuingilia, alishusha taratibu vipaza sauti vya kwaya na kukiacha kinanda peke yake. Nilisikia kina mama wa upande wa kushoto wakiishika sauti ya pili vizuri kabisa, na wazee wa nyuma wakiingia na besi yao nzito, wakichelewa kidogo kama ilivyo desturi yao. Nilikuwa sijawasikia kwa muda mrefu.

Kasoro zilikuwepo. Spika za kusikilizia za waimbaji zilikuwa mbili tu, zote upande wa soprano, hivyo besi hawakukisikia kinanda na wakashuka nusu sauti katika wimbo wetu wa pili. Kipaza sauti kisicho na waya kiliishiwa betri wakati wa mahubiri, na mchungaji alilazimika kusubiri.

Tulilipa shilingi 450,000 pamoja na usafiri, kiasi ambacho kwa kwaya inayochangishana si kidogo, lakini ningeshauri usharika wowote wa ukubwa wetu uwachukue. Tumeshawaomba warudi siku ya Mavuno, wakiwa na spika ya tatu ya kusikilizia, iwekwe mbele ya besi.