Trei nyeusi na dawa ya kuonea alama ya maji kwenye stempu za zamani: uzoefu wangu nikiwa Kigoma

Nianze na jibu kwa wenye haraka. Trei ni nzuri, dawa ni nzuri sana, kibano kinafaa, lenzi ni takataka, na kile kikaratasi cha maelekezo hakimsaidii kabisa mtu anayekusanya stempu za huku kwetu. Wenye muda tuendelee.

Mi nakusanya stempu za Tanganyika na zile za Mjerumani kabla yake, bado mgeni kwenye haya mambo. Nyingi nimezitoa kwenye sanduku la babu aliyekuwa karani wa reli hapa Kigoma, nyingine nanunua kidogo kidogo hela ikipatikana. Sasa shida inayomkuta kila anayeanza ni kwamba unafungua katalogi unakuta stempu mbili zina picha moja, rangi moja, thamani iliyoandikwa ileile, afu bei zake sokoni zimeachana mbali kabisa, na tofauti yenyewe haiko juu bali iko ndani ya karatasi. Ndo alama ya maji hiyo. Ni kitu kilekile cha kwenye noti zetu, ukiinua noti kwenye mwanga unaona sura ya Mwalimu. Kwenye stempu, kiwanda cha karatasi kilikuwa kinabonyeza vipande vya waya vyenye umbo fulani kwenye karatasi ikiwa bado mbichi, pale waya ulipogusa karatasi ikabaki nyembamba kidogo, basi, hakuna uchawi. Ila noti ni kubwa na pale kwenye alama wameacha nafasi nyeupe, stempu ni kadogo, ina wino, ina mhuri wa posta, wakati mwingine na karatasi ya albamu ya zamani imeganda mgongoni, unaiinua dirishani unaona giza tu, au mbaya zaidi unaona kile unachotamani kukiona.

Seti nimenunua kwa muuzaji wa Dar anayeuza vitu vya hobi mtandaoni, elfu arobaini na tano, nauli ya mzigo nikalipa mwenyewe. Nilitaka iletwe kwa ndege akanijibu, "Kaka hiyo dawa inashika moto, kwenye ndege hawaipokei," na ni kweli, chupani kuna alama ya moto kabisa na imeandikwa ni benzini. Ikaja kwa basi. Nilipata wasiwasi maana njia ndefu na mizigo inavyorushwa tunaijua, lakini chupa ilikuwa imefungwa na plastiki mara mbili na haikuvuja hata tone. Hapo muuzaji namsifu.

Ndani ya boksi kuna trei ndogo nyeusi ya plastiki nzito inayoenea kiganjani, ina mdomo kwenye kona moja wa kumiminia, chupa ya dawa yenye kichwa cha kudondoshea, kibano cha chuma chenye ncha bapa, lenzi, na kikaratasi. Hiko kikaratasi kimechapwa kwa ajili ya wakusanyaji wa Marekani, kinaelezea herufi USPS ambazo ndo alama ya maji ya stempu zao, kwamba mwaka 1895 walianza kutumia herufi za mistari miwili na 1910 wakahamia herufi za mstari mmoja. Sawa, vizuri kujua, lakini mi Mwanga Kigoma USPS nazipata wapi? Sisi tunahitaji taji na herufi CA, nitazieleza chini. Wangeweka hata ukurasa mmoja wa makoloni ya Mwingereza wangeuza zaidi Afrika nzima.

Jinsi inavyofanya kazi: unaweka stempu kifudifudi kwenye trei, yaani picha chini mgongo juu, unadondosha matone mawili matatu mpaka stempu yote ilowe. Hapo hapo karatasi inabadilika, inakuwa kama imekuwa ya kijivu na weusi wa trei unaanza kupenya kutoka chini, na pale karatasi ilipo nyembamba weusi unapenya zaidi, kwa hiyo ile alama inajitokeza imekoza kuliko sehemu nyingine. Inatokea ghafla aisee. Mara ya kwanza nilikuwa na stempu ya twiga wa Tanganyika, yule wa senti 10 wa kijani wa mwaka 1922, nikaona kabisa nusu ya taji upande wa juu na chini yake herufi C na A za kulala, zile za kuandika kwa mkono, na pembeni kipande cha taji lingine. Nikamwita shangazi aje aone, akafika dawa imeshakauka, akabaki ananishangaa, "Wewe mwanangu siku hizi unaogesha vikaratasi?" Ikabidi nidondoshe tena.

Hilo la kuona vipande vipande lisikutishe. Hizi alama zilikuwa zinajirudia karatasi nzima bila kujali stempu zitakatwa wapi, kwa hiyo kila stempu inabeba kipande kilichoangukia pake. Ukishaiona moja vizuri, nyingine utaijua hata kwa robo ya taji.

Sasa kwa stempu za kwetu nini cha kutafuta, maana ndo kitu ambacho kile kikaratasi kilinyamazia. Makoloni ya Mwingereza yalikuwa yanaagiziwa stempu na ofisi moja London, Crown Agents, na hiyo CA ndo wao. Mwanzo ilikuwa taji na CC, kuanzia 1863, afu 1882 ikaja taji na CA, moja kwa kila stempu. Mwaka 1904 ndo wakaanza ile ya kujirudia, CA za herufi kubwa za kawaida, na 1921 zikabadilishwa kuwa CA za mwandiko wa kulala. Kwa mkusanyaji wa Tanganyika mpaka uliokuwa na faida ni huo wa 1921, na hapo ndo dawa ilipojilipa hela yake.

Chukua stempu za G.E.A., yaani German East Africa. Waingereza walipoishika nchi kwenye vita ya kwanza, mwaka 1917 wakachukua stempu za East Africa na Uganda zenye kichwa cha mfalme George wa Tano wakapiga chapa ya G.E.A. juu yake. Toleo la 1917 liko kwenye karatasi ya CA za kawaida, na 1921 zikatoka nyingine kwenye karatasi ya CA za kulala. Kichwa kilekile cha mfalme, chapa ileile, zikae pembeni kwa pembeni hata jicho kali litahangaika. Kwenye trei ni sekunde chache. Ninazo kadhaa za sandukuni kwa babu, zote nilikuwa nimezipanga mstari mmoja kwenye albamu, sahivi ziko kurasa mbili tofauti.

Na za Mjerumani ndo utamu wenyewe. Zile zenye meli, ni yoti ya Kaisari inaitwa Hohenzollern, picha moja walitumia kwenye makoloni yao yote wakabadilisha jina tu. Kwa huku zilianza 1901 zikiwa na pesa, afu 1905 hela ikabadilika rupia ikawa na heller 100 na stempu zikaandikwa heller. Hizo za heller kuna zilizochapwa kwenye karatasi isiyo na alama yoyote na kuna zilizofuata zenye alama ya vipembe vinne vilivyosimama, kama uru za kwenye karata, zimejaa karatasi nzima. Kwa dirisha mi sikuwahi kuziona hizo uru, hata siku moja, kwa macho nilikuwa naapa zote hazina kitu. Kwa dawa zinaonekana, ila hafifu, inabidi uinamishe trei kidogo taa ije kwa ubavu, mi natumia tochi ya simu naiweka chini usawa wa meza. Usiangalie kwa juu moja kwa moja utaona mng'ao wa dawa tu.

Za Mbelgiji usipoteze dawa yako. Sisi wa Kigoma na wenzetu wa Tabora tunazipenda kwa sababu 1916 jeshi la Kongo ya Mbelgiji ndo liliingia huku, na stempu za Kongo zikapigwa chapa ya maneno ya Kifaransa na Kiholanzi kwamba ni Afrika Mashariki ya Mjerumani iliyokaliwa na Ubelgiji. Karatasi yake haina alama ya maji, pale cha kuchunguza ni chapa ya juu na mhuri, trei haitakusaidia.

Baadaye kuanzia 1935 tukawa na stempu za pamoja na Kenya na Uganda, na hizo CA ya kulala imeendelea miaka mingi, hata za malkia Elizabeth za 1954 ni hiyohiyo. Za 1960 ndo taji linabadilika, linakuja la Mtakatifu Edward na CA zinarudi kuwa za herufi kubwa. Hapa nitoe angalizo, stempu zilizochapwa kwa fotogravia, zile ambazo ukiangalia kwa lenzi picha ni vidoti vidogo laini, wino wake unaweza kuchuja kwenye benzini. Zilizochapwa kwa bamba la kuchongwa kama twiga hazina shida. Mi nyingine zote zenye mashaka najaribu kwanza na ile iliyochanika kona.

Kuna kitu kinachanganya watu. Katalogi ya Stanley Gibbons inaeleza alama ya maji kama inavyoonekana ukiwa unatazama stempu kwa mbele, wakati wewe kwenye trei unatazama mgongo. Kwa hiyo stempu ya kawaida kabisa itakuonyesha CA imegeuka kama kwenye kioo. Usishangilie. Herufi zikisomeka sawasawa ukiwa unatazama mgongo, au taji likiwa kichwa chini, hapo sasa ndo una alama iliyogeuka na unaweza kwenda kuangalia bei.

Faida nyingine ambayo hata muuzaji hakunitajia, dawa inaumbua stempu mbovu. Niliuziwa twiga wa shilingi moja kama mzima kabisa, mgongo msafi, nikamlowesha kikatokea kidoa cheusi katikati kikubwa kuliko punje ya mchele, maana yake mtu aliwahi kubandua kibandiko cha albamu kwa nguvu akatoka na karatasi. Mikunjo ya zamani iliyonyooshwa nayo inatokea kama mstari. Tangu hapo sinunui stempu ya bei bila muuzaji kukubali niiloweshe mbele yake, na wakikataa najua.

Gundi haiguswi, hilo nimelithibitisha kwa stempu mpya zisizotumika, zinakauka zenyewe juu ya tishu na gundi iko vilevile. Ndo tofauti na maji, msije mkatumia maji kwa stempu yenye gundi, itaondoka yote. Ila stempu iliyobandikwa kwenye bahasha haipimiki hivi, na kama bahasha yenyewe ina mhuri wa Ujiji au Tabora unaosomeka vizuri iache nzima hivyohivyo, usibandue kwa ajili ya kutafuta taji.

Kasoro. Lenzi nimeshasema, ni plastiki, pembeni inapinda kila kitu, nikaenda kwa fundi saa hapa Mwanga, mzee mmoja, nikamsalimia shikamoo nikamweleza, akaniuzia ya kwake ya zamani ya kubana jichoni kwa elfu tano na ni nzuri mara kumi. Stempu za njano na chungwa zinasumbua, twiga wa senti 20 wa rangi ya chungwa bado namlowesha mara mbilimbili na nakuwa na mashaka. Harufu ni kali, fanya karibu na dirisha lililo wazi, na jiko la mkaa liwe mbali kabisa, siyo mlango wa pili, mbali. Na joto la Kigoma mchana linaikausha dawa kabla hujainama, mi nafanya asubuhi.

Najua kuna kifaa cha taa na kibonyezo, Signoscope, hakitumii dawa kabisa, lakini bei yake kwa anayeanza haina maana, hela hiyo nunua stempu.

Tatizo kubwa lililobaki ni dawa kwisha. Usidanganyike na petroli ya kituoni, ina rangi na viongezeo vitakavyobaki kwenye karatasi, na mafuta ya taa ndo kabisa, yanaacha doa la mafuta. Nimemuuliza muuzaji kama anauza chupa peke yake, anasema, "Kwa sasa ni seti tu kaka." Kuna jamaa yangu yuko Tabora naye ameanza kukusanya, tumekubaliana tuagize seti moja tena, yeye achukue trei na kibano, dawa tugawane nusu kwa nusu, lenzi tutajua huko mbele.