Simu mpya ya mshona kofia wa Lamu

Jina la kampuni iliyounda simu yangu mpya nitaliacha. Simu za Android za bei hii, shilingi elfu ishirini na kitu, ukizivua nembo ni ndugu wa tumbo moja: betri ya mAh 5000, nafasi ya GB 128, kamera moja ya megapikseli 50 na nyingine mbili za kujaza mgongo. Ninayoyasema yatamfaa mwenye yoyote kati ya hizo, na zaidi akiwa anakaa nyumba ya mawe karibu na maji ya chumvi.

Mimi nashona kofia za viua, zile zenye vitobo vidogo vilivyozungushiwa uzi kwa mkono. Wateja wangu wengi wako Mombasa na Malindi, wengine Unguja, na kofia hawaishiki mpaka iwafikie. Wanachonunua ni picha. Kwa hivyo nilipoingia dukani sikuuliza habari za michezo wala za 5G. Niliuliza kamera, na kijana wa duka akanigeuzia boksi nione maandishi ya pembeni. "Megapikseli hamsini, dada. Hapa hata sisimizi utamhesabu miguu."

Picha ya kwanza niliipiga ndani, alasiri, kofia nyeupe juu ya mkeka. Ilitoka ya kijivu, kama iliyofuliwa na nguo nyeusi. Nikatandaza buibui chini ya kofia nikidhani weupe utajitokeza, na mambo yakageuka: kofia ikawaka, vitobo vyote vikamezwa na mwanga. Sababu yake ni nyepesi ukishaijua. Kamera haijui kofia ni nyeupe wala buibui ni jeusi. Hupima mwanga wote unaoingia, kisha huuvuta uwe wa wastani. Ikiona weupe mwingi, hupunguza. Ikiona weusi mwingi, huongeza. Dawa ni kugusa kofia kwenye kioo, zikatokea duara na alama ndogo ya jua, halafu kulisukuma jua hilo kwa kidole. Juu ya mkeka napandisha kidogo. Juu ya buibui nashusha, na nashusha sana. Ukikibonyeza kidole pale pale kwa muda, kipimo hujifunga, ukapiga picha kumi zenye rangi moja. Haya hayakuandikwa kwenye boksi, na ndiyo yaliyonilipa pesa ya simu.

Lakini weupe ni nusu ya kazi. Mteja wa kofia ya viua anataka kuona kwamba kila kitobo kimetobolewa na kuzungushiwa uzi kwa mkono. Kofia ya namna hii hula miezi, na sokoni zimejaa za cherehani ambazo kwa mbali zinafanana nayo na bei yake haifiki hata robo. Sasa piga picha usiku, kwa taa ya chumbani. Mwanga ukiwa haba, simu hujikaza kuuona, picha ikaingia chengachenga, kisha programu ya kamera huzifuta chengachenga hizo ili picha ionekane safi. Katika kufuta huko huusugua na uzi. Nyuzi hulainishwa zikawa utepe mmoja, na kazi ya miezi ikafanana na ya mashine ya kiwandani. Mzee mmoja wa Mombasa aliniandikia: "Mwanangu, hii ni ya cherehani, mimi si mtoto." Nilimwelewa. Kwa picha ile hata mimi ningesema hivyo.

Siku hizi napiga picha asubuhi, kwenye kile kiwanda chetu, ua ulio wazi katikati ya nyumba, mahali ambapo jua halijafika lakini anga inaonekana. Mwanga wa hapo huja kutoka upande mmoja, ukaacha kivuli chembamba ndani ya kila kitobo, na kivuli hicho ndicho kinachomwambia mteja kuna kitobo. Flashi sitaki kuisikia, inalaza kila kitu.

Na zile megapikseli hamsini, je? Kwa kawaida simu huunganisha nukta nne kuwa moja, ukapata picha ya megapikseli kumi na mbili na nusu. Hamsini kamili zipo, lakini lazima uingie kwenye menyu ya kamera uzichague mwenyewe. Kwenye mwanga mzuri wa asubuhi nazitumia, kwa sababu ukivuta picha unaona hata uzi uliposokotwa. Kukiwa na giza usizitumie, maana nukta zikiwa ndogo na mwanga haupo, ni uchafu mtupu. Ile kamera ya vitu vya karibu, ya megapikseli mbili, mimi naihesabu kuwa pambo. Afadhali urudi nyuma dhiraa moja, uvute mara mbili kwa kamera kubwa. Ukisogea karibu mno kamera kubwa haipati kulenga, picha huwa na ukungu, na watu hudhani lenzi ni mbovu.

Kisha picha nzuri unaweza kuiharibu katika kuituma. WhatsApp huzibana picha ili zisile bando. Tangu Agosti 2023 kuna kitufe cha HD juu ya picha kabla hujaituma, kibonyeze. Mteja akiwa mgumu zaidi, naituma kama faili, kama unavyotuma hati, nayo hufika haijaguswa. Yule mzee wa Mombasa nilimtumia hivyo. Alinyamaza hadi jioni, akauliza bei.

Niseme sasa habari ya alama ya kidole, ambayo dukani nilisifiwa kwamba hufungua simu kwa kufumba na kufumbua. Kweli hufungua, kwa mdogo wangu ambaye hajawahi kushika sindano. Mimi gumba na kidole cha shahada vya mkono wa kulia vimechakaa. Subana naivaa kidole cha kati, lakini hivi viwili ndivyo vinavyoshika na kuvuta, na mistari ya ngozi imelika. Simu ikanikataa katikati ya kumlipa mtu wa boti, foleni nyuma yangu. Suluhisho lilikuwa kusajili vidole visivyofanya kazi: cha pete na cha mwisho vya mkono wa kushoto. Tangu hapo hainisumbui, hata nikiwa na hina ya harusi. Lakini kisomaji cha simu yangu kiko ubavuni, kwenye kitufe cha kuwashia. Vile vilivyo chini ya kioo sijavijaribu na hina wala piko, kwa hivyo mwenye navyo ajaribu kwanza hapo dukani.

Kufungua kwa uso nimekuzima kabisa. Nikitoka nina ninja, simu inaona macho tu, basi inagoma. Na hata nyumbani, uso wa simu za bei hii unasomwa na kamera ya mbele peke yake, na programu nyingi za benki hazikubali usalama wa aina hiyo. Nambari ya siri ndiyo inayobaki.

Kuhama kutoka simu ya zamani kulikuwa rahisi kuliko nilivyoogopeshwa. M-Pesa, tangu ilipoanza mwaka 2007, hukaa na laini na haina habari na simu, kwa hivyo nilihamisha laini na salio likawa pale pale. WhatsApp ni kinyume chake: nambari inahama, mazungumzo hayahami yenyewe, na oda zangu zote zimo kwenye mazungumzo. Weka nakala kwenye Google kwanza. Ila kumbuka kwamba tangu 2024 nakala hiyo inahesabiwa ndani ya zile GB 15 za bure, nayo zamani ilikuwa haihesabiwi. Video za harusi na za Maulidi zinazomiminika kwenye makundi ya ukoo zinazijaza upesi. Zima kujihifadhi kwa video zenyewe kwenye mipangilio ya WhatsApp, la sivyo hata GB 128 za simu utaziona ndogo.

Jambo lililonitia tumbo joto ni chumvi. Navuka mara kwa mara kwenda Mokowe, ng'ambo ya bara, kupeleka mizigo ya wateja kwenye basi, na wakati wa kusi boti hurusha maji. Simu ilikuwa mkobani, haikuanguka wala haikuloa. Usiku nikachomeka chaja, ikatoa picha ya tone la maji na ikakataa kuchaji. Nikapangusa, ikakataa. Kulipokucha, bado.

Boksi limeandikwa IP54, na wauzaji husema "haingii maji." Herufi hizo hazisemi hivyo. Tano ni kujikinga na vumbi, nne ni kustahimili maji yanayorushwa kutoka upande wowote. Kuzamishwa hakumo. Hata zile za bei kubwa, zilizoandikwa IP67, hupimwa kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kina cha mita moja kwa dakika thelathini, na bahari yetu si maji baridi. Maji ya kawaida yakikauka yameondoka. Ya bahari yakikauka huacha chumvi, na chumvi huvuta unyevu wa hewa, nayo hewa ya Lamu unyevu haiishiwi. Ndiyo maana tundu la chaja liliendelea kuhisi maji huku kwa macho ni kavu.

Mashauri niliyopewa barazani yalikuwa mengi. Mchele ulitajwa kwanza, kama kawaida. Usiutie: vumbi lake linaingia kwenye tundu, na hata Apple huwaonya wateja wao wasifanye hivyo. Mwingine akaniambia nizime onyo hilo nichaji tu. Hilo ni baya zaidi, kwa sababu umeme ukipita penye chumvi na unyevu, vile vipini vidogo vya ndani huoza, na hapo utabadilisha tundu zima. Nilimpelekea fundi wa mtaa wa Langoni, akasafisha kwa spiriti na brashi laini, akaiacha ikauke, ikachaji. Tangu hapo nikipanda boti simu huingia kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga, na tundu nimelitia kizibo cha mpira.

Betri ina hadithi yake, na hadithi hiyo ni ya kuta. Nyumba yetu ni ya zamani, mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta mnene hata dirisha lake unaweza kukalia. Ni raha wakati wa joto, lakini mtandao hauingii. Chumba cha ndani 4G hubaki mstari mmoja, na simu ikiwa mbali na mnara huongeza nguvu ya kutuma ili isikike. Nguvu hizo ni betri. Siku nikishinda kwa shangazi Shela, kwenye roshani, chaji inafika kesho yake mchana. Nikishinda chumbani nashona, ikifika Isha imekwisha. Hakuna kipimo cha mAh kitakachokuambia hilo. Mimi huiweka simu ukingoni mwa kiwanda na kuongea kwa vipokea sauti vya masikioni vya Bluetooth, na nikiwa na haraka naingia Wi-Fi ya jirani, kwa ruhusa yake. Kwa hali hii 5G ya kuongezewa elfu nane ingekuwa ya kupamba kioo.

Hapo hapo kwenye betri kuna mtego. Simu ilikuja na kiokoa betri kikali mno, kinachozilaza programu usizozigusa kwa muda. Programu yangu ya adhana ikawa inaadhini wakati imamu wa msikiti wa karibu ameshatoa salamu. Hilo la adhana nililicheka, msikiti ninausikia. Lakini oda pia zilikuwa zinalala, mtu kaandika adhuhuri, naiona usiku nikifungua. Ingia kwenye mipangilio, tafuta betri ya programu husika, ondoa kikomo. Fanya hivyo kwa WhatsApp, kwa adhana, na kwa programu yoyote inayokuletea pesa.

Kioo kwenye jua la boti kinasomeka, si vizuri. Simu ikipata moto hujipunguzia mwanga yenyewe. Spika ina sauti ya kutosha kusikilizwa na bibi. Kuandika kwa kusema kunaelewa Kiswahili sanifu vyema, Kiamu cha nyumbani kinaivuruga, basi natuma ujumbe wa sauti kama kila mtu hapa.

Nililipa taslimu. Binamu yangu alichukua ya aina hiyo hiyo kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo kila siku, na ukijumlisha anatoa pesa nyingi kuliko mimi. Alipokosa malipo wiki moja simu ilijifunga, na yeye kazi yake ni kupokea simu za abiria. Kwa mtu asiye na elfu ishirini mkononi sina la kumwambia, mkopo ndio mlango. Ila asome jumla, asisome ya siku.

Kitu kimoja zaidi kwa wa visiwani. Kabla sijalipa nilimuuliza yule fundi wa Langoni, si muuzaji, kama ana kioo cha simu hii. Hana, huagiza Mombasa, na bei aliyonitajia ni karibu theluthi ya simu nzima. Nilinunua hivyo hivyo, pamoja na kava nene lenye kingo zilizoinuka na karatasi mbili za kulinda kioo. Ya kwanza imeshapasuka, kwenye ngazi.